Je, Ruhusa ya Kazi ni ya Mfanyakazi au ni ya Tajiri?

Miongoni mwa mambo yanayogombaniwa sana katika nchi ya Marekani miaka hii ni khabari ya wageni wanaoletwa kufanya kazi za ilimu, na khasa kazi za kompyuta. Mgeni huyo huingia kwa ruhusa iitwayo viza ya H-1B. Wako wanaosema ruhusa hizo ziongezwe, kwani nchi yahitaji watu wenye ujuzi. Na wako wanaosema zipunguzwe au zifutwe, kwani zawanyima wenyeji riziki yao. Ugomvi huu umewatenga hata watu wa upande mmoja. Mwezi wa Desemba 2024, Donald Trump akiwa karibu kurejea madarakani, wafuasi wake wenyewe walitupiana maneno makali hadharani. Elon Musk, tajiri mkubwa aliyezaliwa Afrika Kusini na aliyepata yeye mwenyewe kufanya kazi kwa viza hiyo, aliitetea. Na Steve Bannon, aliyekuwa mshauri wa Trump, akaipinga kwa nguvu zake zote. Khalafu, Januari 2025, akainuka Seneta Bernie Sanders, ambaye si rafiki wa yeyote katika hao wawili, naye akailaumu viza hiyo kwamba yawapa matajiri watu wa ujira mdogo.

Huenda msomaji wetu wa Mombasa, au wa Lamu, au wa Malindi, akauliza: Sisi tuna nini na ugomvi wa Wamarekani? Twamjibu kwamba chini ya ugomvi huo pana mas-ala ya insafu yasiyokuwa na mipaka ya nchi. Mtu atokaye kwao akaenda kufanya kazi kwa watu, je, haki ya kumwacha tajiri mbaya ni yake yeye, au iko mkononi mwa tajiri? Na mwenyeji aonaye mgeni ameketi mahali pake, je, aliyemdhulumu ni mgeni yule au ni mwengine? Mas-ala haya yatugusa sisi kwa pande mbili: sisi ni watu tusafirio kwenda kuajiriwa ng'ambo, na sisi pia ni watu tunaoajiri wengine majumbani na madukani mwetu. Asiyejua haki ya mfanyakazi wa mbali huenda akaisahau na ya yule aliye jikoni mwake.

Kabla ya kuhukumu yatupasa tulijue jambo lenyewe lilivyo. Viza ya H-1B iliwekwa na sheria ya mwaka 1990, iliyotiwa sahihi na Rais George H. W. Bush. Hutolewa kwa kazi zinazohitaji shahada ya chuo kikuu au ilimu iliyo sawa nayo. Hesabu yake ni 65,000 kwa mwaka, na sheria ya 2004 iliongeza 20,000 kwa waliopata shahada ya pili au zaidi katika vyuo vya Marekani. Ama vyuo vikuu vyenyewe na baadhi ya mashirika ya utafiti hayamo katika hesabu hiyo. Iliwahi kupandishwa hadi 195,000 kwa miaka ya 2001 mpaka 2003, kisha ikarudishwa ilipokuwa. Waombao ni wengi kuliko nafasi, hata hupigwa kura. Katika kura ya mwaka 2023 maandikisho yalipita 750,000, ingawa watu wengine waliandikishwa zaidi ya mara moja na waajiri mbalimbali. Na katika wanaoipata, kiasi cha saba kwa kila kumi ni watu waliozaliwa India.

Sasa tulitazame fundo la jambo hili. Aombaye viza hii si mfanyakazi, ni mwajiri. Mwajiri ndiye aandikaye, ndiye alipaye, na ruhusa hutoka kwa ajili ya kazi ile kwa mwajiri yule. Muda wake ni miaka 3, nao waweza kuongezwa hadi 6. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2000 ilimlegezea mfanyakazi, ikampa njia ya kuhamia kwa mwajiri mwengine. Lakini ni lazima ampate kwanza huyo mwengine aliye tayari kumwandikia upya na kugharimika. Akifukuzwa leo, au akiacha kazi kwa hasira, kanuni iliyoanza mwaka 2017 humpa muda usiozidi siku 60. Zikipita hajapata mtu wa kumwandikia, wala hajapata ruhusa ya namna nyengine, yampasa aondoke nchini, yeye na mkewe na watoto wake walio shuleni.

Na akitaka kukaa daima, pale fundo huzidi kukazwa. Ruhusa ya kukaa daima kwa njia ya kazi aghalabu huombwa na mwajiri pia, na sheria haiziachii nchi yoyote moja kupata zaidi ya saba katika kila mia ya ruhusa hizo kwa mwaka. Kwa kuwa Wahindi ni wengi mno, wao husubiri miaka mingi, wengine zaidi ya kumi. Na akihama kwa tajiri mwengine katikati ya safari hiyo, tajiri mpya hulazimika kuanza tena sehemu kubwa ya shughuli ile. Basi mtu huyo, hata akiwa na ilimu ya kiasi gani, hujifunza kunyamaza. Si kwamba amefungwa pingu. Lakini kila akitaka kusema neno hukumbuka siku 60 na hukumbuka foleni.

Ama ujira, sheria yasema wazi kwamba mgeni asilipwe chini ya walipwavyo wenziwe wa kazi ile mahali pale. Maneno hayo ni mema. Lakini katika kuupima huo ujira wa mahali, serikali imeweka madaraja manne, na mawili ya chini yako chini ya ujira wa katikati wa kazi ile katika mji ule. Taasisi ya Economic Policy Institute ya Washington, ambayo huelekea upande wa wafanyakazi, iliandika mwaka 2020 kwamba sita katika kila kumi ya nafasi zilizoidhinishwa zilikuwa katika madaraja hayo mawili. Basi yawezekana mwajiri akaifuata sheria herufi kwa herufi na bado akapata kwa rahisi kitu ambacho kwa mwenyeji angekipata kwa ghali.

Tuwasikilize sasa wagombanao, kwani hakimu asikilizaye upande mmoja si hakimu. Wanaoitetea viza wana hoja zisizodharaulika. Wasema mwenye ujuzi hali riziki ya mtu, bali huiongeza. Azushapo kazi mpya huwafungulia mlango na wengine. Wanauchumi Giovanni Peri, Kevin Shih na Chad Sparber waliandika mwaka 2015 kwamba miji ya Marekani iliyopokea wageni wengi wa sayansi na ufundi iliona ujira wa wenyeji waliosoma ukipanda. Na mwanachuoni Britta Glennon alionyesha kwamba kampuni zilizonyimwa wageni hazikuwaajiri wenyeji mahali pao, bali zilizidisha kazi katika nchi nyengine, khasa Kanada, India na China. Ikiwa ndivyo, kumzuia mgeni mlangoni hakumpi mwenyeji kiti. Kiti chenyewe huhama.

Na wanaoipinga nao wana hoja zao. Wanauchumi wengine, Kirk Doran, Alexander Gelber na Adam Isen, walizichukua kampuni zilizoshinda kura na zile zilizoshindwa wakazilinganisha, wakaona kwamba mgeni aliyeingia kwa sehemu kubwa alishika mahali pa mfanyakazi mwengine, wala uvumbuzi wa kampuni haukuonekana kuongezeka. Na iko khabari iliyowauma Wamarekani wengi. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilieleza kwamba wafanyakazi wa kompyuta kiasi cha 250 wa kampuni ya Disney, huko Orlando, walikuwa wameambiwa mwisho wa 2014 kwamba kazi yao imekwisha, na baadhi yao wakatakiwa, katika siku zilizobaki, wawafundishe kazi wale watakaokaa mahali pao. Wengi katika waliokuja walikuwa ni wageni wenye viza za muda, walioletwa na kampuni zinazokodisha wafanyakazi. Baadhi ya walioondolewa walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 hakimu akayatupa madai yao. Basi kwa mizani ya mahakama madai yale hayakusimama. Lakini twamwuliza kila mwenye moyo: Mtu aliyetumikia miaka mingi, akaambiwa amfundishe kwa mkono wake mwenyewe yule atakayeirithi meza yake, je, atakwenda kulala akisema ametendewa haki?

Sisi twaonelea kwamba pande zote mbili zina ukweli, na zote mbili zimepita kando ya jambo lenyewe. Huyu asema, Mlete mgeni. Na yule asema, Mzuie mgeni. Wote wamtazama mgeni, na ni wachache wanaoitazama kamba aliyofungwa nayo.

Tuchukue mfano wa mafundi seremala wawili katika karakana moja. Mmoja ni mwenyeji wa mji, na mwengine ni mgeni ambaye kukaa kwake mjini kwategemea radhi ya mwenye karakana. Siku moja mwenye karakana asema, Leo tutafanya kazi mpaka saa nne ya usiku, wala hapana malipo ya ziada. Yule mwenyeji akataa, na akitaka huchukua randa yake akaenda karakana ya jirani. Yule mgeni hawezi. Anainamisha kichwa, anafanya kazi. Mwenye karakana amejifunza jambo. Juma la pili amwambia mwenyeji, Mwenzako hakusema neno. Nawe ukiona ngumu, mlango uko wazi. Hapo uhuru wa yule mwenyeji umekwisha thamani, kwani aliye ubavuni mwake hana uhuru. Sasa twauliza: Ni nani aliyemdhulumu mwenyeji? Si mgeni, kwani mgeni naye angalikataa lau angaliweza. Aliyemdhulumu ni yule aliyemweka mtu aliyefungwa kando ya mtu aliye huru, kisha akawaambia washindane.

Hili ndilo neno letu katika mas-ala haya: kamba iliyomfunga mgeni ndiyo imuumizayo mwenyeji. Haki zao wawili hazipingani. Ukiifungua kamba, mgeni huweza kudai ujira wa haki; na akidai ujira wa haki, hapana tena faida ya kumwondoa mwenyeji kwa ajili yake. Ataajiriwa kwa ujuzi wake tu, ikiwa anao, wala hataajiriwa kwa unyonge wake.

Na la ajabu ni kwamba Wamarekani wenyewe walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1885 walitunga sheria iliyokataza kuwaleta wafanyakazi kutoka ng'ambo waliokwisha fungwa kwa mkataba kabla ya kuondoka makwao, isipokuwa watu wa kazi chache maalumu. Mgeni aliyekuja huru, akajitafutia kazi baada ya kushuka, hakuguswa na sheria hiyo. Aliyekatazwa ni yule aliyekuja ameshikwa mkono na tajiri. Hatusemi kwamba ilikuwa sheria ya huruma, kwani miaka 3 tu nyuma, mwaka 1882, nchi hiyo hiyo ilikuwa imewafungia mlango vibarua wa Kichina kwa sababu ya jinsi yao. Lakini katika neno hili moja waliona sawasawa, ya kwamba aliyefungwa hushusha ujira wa wote. Sheria ya 1952 iliiondoa marufuku ile, na sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoleta viza ya H-1, mama wa hii ya H-1B. Mambo yakageuka: zamani aliyefungwa alizuiliwa na aliye huru akaingia, leo, katika mlango huu, haingii ila aliye na tajiri wa kumshika.

Sisi watu wa Mombasa nasi twaijua khabari ya mkataba. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa Wahindi wapatao 32,000 kuja kujenga reli ya Uganda, wakaanzia hapa kwetu, kwa mikataba ya miaka mitatu. Watu kiasi cha 2,500 katika hao walikufa. Wengi wa waliobaki hai walirejea kwao, na wachache wakakaa wakawa katika jamii za nchi hii. Hatusemi kwamba mtaalamu wa kompyuta wa leo yu sawa na kibarua yule. Kumlinganisha mwenye meza na gari na mtu aliyelala hemani huko Tsavo ni kukosa insafu. Lakini swali ni lile lile moja: Mkataba ukimbana mtu, anao mlango wa kutokea, au mlango ameushika mwengine?

Wazee wetu walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika maneno hayo mna hekima ya pande zote: mgeni asiwe mzigo, naye asinyimwe kazi. Lakini hawakusema umpe jembe kisha umfunge nalo. Na mafakihi wetu, katika mlango wa ijara, wameeleza kwamba kinachouzwa katika ajira ni manfaa ya kazi, kwa muda unaojulikana na ujira unaojulikana. Nafsi ya mfanyakazi haimo katika biashara hiyo. Aliyenunua saa nane za kazi hakununua kuwako kwa mtu yule katika mji, wala shule ya watoto wake, wala ulimi wake wa kusema, Nimechoka.

Atasema mtu: Wageni hawa wenyewe wamekubali, walijua masharti, wakaomba, na wengine hulia wasipochaguliwa katika kura. Kwa nini basi tuwaonee huruma? Twajibu kwamba mtu kuridhia jambo hakulifanyi kuwa la haki. Mwenye kiu hununua maji kwa bei yoyote, na aliyemwuzia kwa bei ya dhulma hatasalimika kwa kusema kwamba mnunuzi aliridhia. Tena khiari iliyo khiari ni ile iwezayo kubadilishwa. Mtu aliyekubali mwaka wa kwanza, akakuta mwaka wa tatu kwamba tajiri wake ni mbaya, ataka apate njia ya kusema, Sasa sikubali tena, bila ya kuvunja nyumba yake yote.

Atasema mwengine: Wenyeji ni wa mbele, mtu huanza na watu wa nyumbani kwake. Neno hili ni sahihi, nasi hatulikatai. Serikali iliyochaguliwa na raia zake ina wajibu wa kuwatazama wao kwanza, na kijana wa Ohio aliyekopa fedha akasoma kompyuta ana haki ya kuuliza kwa nini kazi imempita. Lakini kumtanguliza wa nyumbani ni katika kugawa, si katika kudhulumu. Baba humpa mwanawe kabla ya mtoto wa jirani; wala hapana asemaye kwamba kwa sababu hiyo aruhusiwa kumtumikisha mtoto wa jirani bila ya haki. Nchi yaweza kuamua iwaingize wageni wengi, au wachache, au isimwingize hata mmoja. Hayo ni ya raia zake kuyapima. Lakini yule iliyemwingiza, imemwingiza akiwa mtu, na haki ya mtu amekuja nayo.

Na atasema tajiri: Mimi nimegharimika, nimemwandikia, nimemlipia wakili. Akiwa huru kuondoka kesho, nani atakayeleta mtu tena? Hoja hii yahitaji jibu, kwani khasara ya mtu yeyote, hata tajiri, ni khasara. Twasema kwamba iko njia njema ya kumshika mfanyakazi, nayo ni ujira mwema na maneno mema. Mwenyeji hushikwa kwa hayo, na mgeni ni vivyo hivyo. Na ikiwa gharama ni kubwa, na iwekwe wazi, na tajiri mpya amchukuaye aambiwe arudishe sehemu yake kwa yule wa kwanza. Hayo ni mambo ya hesabu kati ya matajiri wawili. Lakini kuifanya serikali iwe mlinzi wa mlango wa tajiri, ili mtu asitoke, si hesabu tena.

Sasa na tuyapime yaliyofanywa karibuni. Septemba 2025 Rais Trump alitoa tangazo, lililowekewa muda wa miezi 12, kwamba mwajiri atakayemwombea viza hii mtu aliye nje ya Marekani alipe dola 100,000. Na mwezi huo huo serikali yake ikaleta shauri la kuibadili kura, ili wenye kulipwa ujira wa juu wapate bahati kubwa kuliko wa ujira wa chini. Hili la pili lina wema ndani yake, kwani lagusa ujira, nao ni nusu ya jambo. Ama la kwanza, twaona khatari ndani yake. Fedha zile haziendi kwa mwenyeji aliyeondolewa kazini, wala haziendi kwa mgeni. Zaenda hazina ya serikali. Zaweza kupunguza idadi ya wageni, bali kamba haziifungui. Na huenda zikaikaza, kwani tajiri aliyetoa dola 100,000 kwa ajili ya mtu mmoja, je, atakuwa mwepesi zaidi wa kumwacha aende zake, au atazidi kumshika?

Ikiwa tutaulizwa, Basi haki ni ipi, twasema ni mambo manne. La kwanza, ruhusa iandikwe kwa jina la mfanyakazi na iwe mkononi mwake, na ahamie kwa mwajiri mwengine kwa kutoa khabari tu. La pili, ujira wake usiwe chini ya ule wa katikati wa kazi ile katika mji ule, ili asigeuzwe fimbo ya kumpigia mwenyeji. La tatu, asiajiriwe mgeni mahali pa mwenyeji aliyeondolewa kwa ajili hiyo, wala mwenyeji asilazimishwe kumfundisha atakayemrithi kuwa ndilo sharti la kupata haki yake ya mwisho. La nne, akipoteza kazi apewe muda wa kutosha wa kutafuta nyengine, si muda wa kufunga mizigo tu. Yakitimia hayo, idadi iwe kubwa au ndogo, tutasema kwamba nchi hiyo imefanya insafu.

Lakini ni rahisi kuwahukumu Wamarekani. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu. Tuigeuze mizani tuitazame ikiwa mikononi mwetu.

Vijana wetu wa pwani, wanaume kwa wanawake, huenda Ghuba kufanya kazi. Huko walikuta desturi ya kafala, ambayo mfanyakazi hukaa nchini chini ya mdhamini wake, na kwa miaka mingi hakuweza kuhama bila ya idhini ya huyo mdhamini. Tumelalamika sana, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Katika nchi hizo kumekuwa na mageuzi: Qatar iliondoa sharti la idhini hiyo mwaka 2020, na Oman ikaliondoa Januari 2021. Saudia nayo ililegeza mnamo Machi 2021, lakini mageuzi yale hayakuwaingiza watumishi wa majumbani, nao ndio waliokuwa wanyonge kuliko wote. Yafaa tuone kwamba kafala na viza ya H-1B, ingawa moja yasemwa kwa lugha ya Kiarabu na nyengine kwa lugha ya wanasheria wa Washington, na ingawa hali za watu wake ziko mbali kama mbingu na ardhi, zote mbili zina fundo la namna moja. Asemaye kafala ni dhulma, kisha akausifu mfungo wa Marekani kwa sababu mfungwa analipwa vizuri, hajaielewa dhulma ni nini. Na amlaumuye Mmarekani akamwachilia mdhamini wa Ghuba kwa sababu ya udugu, huyo ndiye mbaya zaidi, kwani ndugu ndiye wa kwanza kuambiwa ukweli.

Tena tusitoke nje ya nyumba yetu. Katika Kenya, chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, mgeni wa kazi hupewa ruhusa ya daraja D, nayo hutolewa kwa kazi maalumu kwa mwajiri maalumu, kwa mtu mwenye ujuzi usiopatikana nchini. Nia yake ni kuwalinda vijana wetu, na nia hiyo ni njema. Lakini fundo ni lile lile, na mgeni wetu naye aweza kunyamazishwa kwalo, na kijana wetu aliye kando yake akaumizwa kwalo.

Na karibu zaidi ya hapo ni mtumishi wa nyumbani. Ametoka bara au kijijini, hana jamaa mjini, amelala katika nyumba yetu. Akiwako miongoni mwetu mtu ambaye ameshika kitambulisho cha mtumishi wake akakifungia kabatini ili asiondoke, au amemwekea mshahara wa miezi miwili akisema, Nitakupa ukimaliza mwaka, mtu huyo asijisumbue kuisoma khabari ya Marekani. Amekwisha kuwa nayo nyumbani kwake. Huyo msichana hana hata siku 60 za kanuni. Ana neno la mwenye nyumba tu. Na akija msichana mwengine kuomba kazi kwa jirani, akataka ujira wa haki, ataambiwa, Kwa fulani wanalipa nusu ya huo, wala hapana anayelalamika. Haya ndiyo tuliyoyasema juu ya seremala wawili; na hapa mwenye karakana ni sisi.

Basi kila mwenye kuajiri, mkubwa au mdogo, na ajipime kwa swali moja: Huyu anitumikiaye, lau mlango ungekuwa wazi leo, angebaki? Ikiwa angebaki, hapana haja ya kufuli. Ikiwa asingebaki, kufuli haliiondoi aibu, laificha tu. Na serikali zote, ya Washington na ya Nairobi na za Ghuba, na ziulizwe swali hilo hilo kabla ya kuulizwa idadi ya wageni. Mwenye kitambulisho cha mtu kabatini mwake na amrudishie leo, kabla ya kulala.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.